Kitambaa cha Kumi na Moja

Barua ya polisi ilitoa siku kumi na nne.
Nilingoja mpaka ya kumi na tatu,
nikampeleka mjukuu kwa Mama Nduku, nyumba ya pili, akatazame katuni,
nikatia komeo mlango wa jikoni,
nikatandaza gazeti la juzi mezani
juu ya lile doa la sufuria ya moto
aliloliunguza yeye, akakana mpaka kufa.

Risasi kwanza. Kila mara risasi kwanza.
Alilisema kama mtu anayeanza sala,
akachomoa magazini, akavuta chuma cha juu nyuma,
akatia kidole cha mwisho ndani ya chemba:
Ndinda, jicho hudanganya, kidole hakidanganyi.
Nikatia kidole. Tupu. Baridi.
Risasi nikazipeleka chumba kingine bila kuzihesabu,
ndani ya bakuli la sukari lisilo na sukari, kama yeye.

Jumapili kama mia tisa nilimtazama,
tangu walipomvamia dukani Barabara ya Kirinyaga akaomba leseni.
Baada ya misa, kabla ya chai,
muuza vipuri aliyeamini kila chuma kina kiu.
Mimi nilishona upande huu wa meza.
Chupa ya mafuta ilikuwa moja, yake na ya cherehani yangu.
Nikilalamika, Musembi husema:
chuma hakimwulizi jirani kabila.

Kwa hiyo mikono ilijua.
Springi iliruka ikanichapa gumba, kama ilivyomchapa yeye.
Mswaki wake wa zamani, meno yote yamelala kushoto,
ukachokonoa pembe ambazo kucha haifiki.
Vitambaa nilivikata kwenye fulana yake nyeupe,
ile waliyonirudishia hospitalini ndani ya mfuko wa nailoni.
Nikavisha ufito kimoja, nikausukuma mtutuni.

Kikatoka cheusi.

Nikavuta kiti.

Bastola hii haijawahi kulia nje ya uwanja wa shabaha.
Aliniambia mimi, aliwaambia wanawe, alimwambia padri.
Na uwanjani hakukanyaga tena tangu goti lilipomsaliti,
mwaka wa nne sasa.
Cha pili, cheusi.
Cha tatu, cheusi, na harufu ya kiberiti kilichopulizwa.

Aprili, usiku wa mvua iliyozima stima Buruburu nzima,
alirudi saa nne akanawa mikono gizani.
Nilisikia maji tu. Yakakatika, yakarudi,
yakakatika, yakarudi.
Ugali aliuacha. Gari lilikwama Barabara ya Jogoo, akasema.
Jumapili iliyofuata hakutandaza gazeti,
wala ya pili yake.
Nikadhani ni ugonjwa.
Na ugonjwa kweli ulikuja,
lakini ulikuja Juni.

Nikaenda chumba kile, nikamwaga bakuli kitandani.
Cheti kinasema kumi na tano.
Zilikuwa kumi na nne.
Nilipiga magoti nikapapasa chini ya kitanda
kama mwanamke aliyepoteza pete,
nami najua nilichomwaga, najua hakuna kilichobiringika.

Hewani, Musembi? Ukutani?
Au kuna mama mwingine mahali fulani
naye ana mfuko wa nailoni?

Cha nane kikatoka kijivu.
Nikauinua mtutu peke yake kwenye mwanga wa dirisha:
mifuo inajisokota, inameta,
na mwisho wake, duara dogo kama shilingi,
kamba ya nguo ya Mama Nduku
na soksi moja ya mtoto.
Sikujua tena kama nasafisha au nafuta.
Cha kumi na moja kilikuwa na kivuli tu.
Hicho sikukitupa.

Konstebo alikuwa kijana, kalamu yake imefungwa kwa uzi dirishani.
Akaigeuza kwenye mwanga. Mama, mmeitunza vizuri.
Akamimina risasi juu ya daftari,
akazisukuma mojamoja kwa ncha ya kalamu,
akafika mwisho, akatazama cheti,
akaanza upya.

Safari hii nikahesabu naye,
kwa sauti.